Kuziba shubaka katika ukuta wa zamani wa mawe bila kuacha ufa

Swali: Nyumba yetu ni ya zamani, imejengwa kwa mawe, na kuta zake zina unene wa sentimita 60 hivi. Sebuleni kuna shubaka lenye upana wa sentimita 90, kimo cha sentimita 160 na kina cha sentimita 35, nasi hatulitumii. Ninataka kulijaza na kulipiga plasta ili ukuta uonekane mmoja. Fundi wa kwanza amenishauri nijenge kwa matofali ya saruji, nipige plasta ya saruji, na kazi iishe kwa siku mbili. Wa pili ameniambia kwamba nikifanya hivyo, mstari wa shubaka utajichora tena kwenye plasta kabla ya mwaka kuisha. Nimfuate yupi?

Jibu: Ndugu msomaji, fundi wa pili amekuambia kweli, ingawa hakukueleza sababu. Fundi wa kwanza naye si mjinga, kwani njia aliyokupa ndiyo ingefaa katika nyumba iliyojengwa kwa matofali ya saruji tangu msingi, ila ukuta wako ni wa namna nyingine kabisa. Ukuta wa zamani wa mawe huwa na mawe magumu yaliyoshikwa na mota laini, yaani mchanganyiko wa chokaa na mchanga, au wakati mwingine udongo mtupu. Ukuta wa namna hiyo husogea kidogo kidogo kila msimu, nao hunywa maji ya mvua na unyevu wa ardhini kisha huyatoa kupitia maungio yake. Chochote utakachokijaza humo hakina budi kufuata tabia hiyo: kiwe laini kuliko mawe yenyewe, kipitishe unyevu kama ukuta unavyoupitisha, na kipewe muda wa kutulia kabla hakijafunikwa kwa plasta.

Kabla ya kununua hata gunia moja la chokaa, jua kwanza shubaka hilo lilikuwa nini. Huenda lilijengwa hivyo tangu mwanzo kwa ajili ya kabati au rafu, na huenda pia lilikuwa dirisha, mlango, au meko ambayo mtu aliiziba nusu. Gonga ukuta wa nyuma kwa mpini wa nyundo ukisikiliza. Mlio mzito usiobadilika una maana kwamba mawe yameshikana, na mlio mtupu una maana kwamba nyuma kuna uwazi au plasta iliyobanduka. Ukikuta masizi, au mfereji unaopanda juu ndani ya ukuta, basi hiyo ilikuwa meko na mfereji ni bomba la moshi. Bomba hilo lisizibwe kabisa, kwa sababu unyevu wa hewa iliyofungiwa ndani yake hugeuka maji, na maji hayo yakichanganyika na masizi hutoa madoa ya kahawia yanayopenya plasta yoyote. Acha tundu dogo lenye wavu, chini na juu, ili hewa ipite. Aidha, ikiwa nyumba yako imo katika orodha ya majengo yanayolindwa kisheria, omba kibali kabla ya kugusa jiwe. Shubaka lililozibwa bila idhini linaweza kukuletea amri ya kulifungua tena.

Jambo la pili la kuangalia ni kinachobeba ukuta juu ya shubaka. Mara nyingi huwa ni boriti ya mti, jiwe refu, au tao. Ikiwa ni mti, uchome kwa bisibisi kila baada ya sentimita kumi, hasa kwenye ncha zake zilizoingia ukutani, maana huko ndiko uozo na wadudu huanzia. Bisibisi ikizama zaidi ya milimita chache, usifikiri kwamba kujaza shubaka kutaiokoa boriti hiyo. Utakuwa umeufungia mti mbovu mahali penye unyevu na pasipo hewa, nao utaendelea kuliwa bila wewe kuuona. Boriti mbovu hubadilishwa kwanza, ukuta ukiwa umeegemezwa na mtu anayeijua kazi hiyo. Ni kazi moja katika shughuli hii ambayo sipendi mwenye nyumba aifanye peke yake.

Sasa nieleze kwa nini ninaikataa saruji, maana watu wengi husikia katazo hili wakalichukua kama ushabiki wa mambo ya kale. Saruji ya Portland, ambayo Joseph Aspdin wa Uingereza aliipatia hataza mwaka 1824, hufanya kazi nzuri mahali inapostahili. Katika ukuta wako ina kasoro tatu. Kwanza, ni ngumu kupita kiasi: ukuta mzee ukisogea, mota ya chokaa huinama kidogo au hupasuka kwa nyufa ndogo zisizoonekana, lakini pande la saruji husogea kama jiwe moja kubwa, na ufa wote hukusanyika pembezoni, yaani pale pale usipotaka uonekane. Pili, hupitisha unyevu kwa shida, kwa hiyo maji yaliyomo ukutani huzunguka pande hilo na kutokea kandokando yake, ambako utaona plasta ya zamani ikivimba na kumeguka. Tatu, saruji huja na chumvi zinazoyeyuka, na chumvi hizo husafiri na maji hadi juu ya ukuta, kisha maji yakikauka hubaki zikiwa unga mweupe unaosukuma rangi na plasta. Kumbuka pia kwamba nyuma ya shubaka lako kumebaki unene wa sentimita 25 tu. Sehemu hiyo ni baridi na hulowa upesi kuliko ukuta mwingine, kwa hiyo ndipo pabaya zaidi pa kuweka kitu kisichokauka.

Kwa sababu hiyo hiyo sishauri njia ya mkato ya kusimamisha fremu ya mbao na kupigilia ubao wa jasi mbele ya shubaka. Uwazi unaobaki nyuma huwa baridi, hewa ya sebule hupenyeza humo na kuacha maji yake juu ya mawe, na baada ya misimu michache huwa ni shamba la ukungu. Jasi yenyewe hulainika ikikaa na unyevu.

Chokaa, kwa upande wake, ni jiwe lililochukua njia ndefu. Jiwe la chokaa huchomwa kwenye joto la takriban nyuzi 900 za Selsiasi hadi litoe kabonidioksidi yake, kisha huzimwa kwa maji, na likishapakwa ukutani huivuta tena kabonidioksidi kutoka hewani na kurudi kuwa jiwe. Ndiyo maana chokaa ya kawaida haiwezi kuharakishwa: hewa lazima iifikie, na lazima iwe na unyevunyevu wakati huo wote. Katikati ya shubaka lenye kina cha sentimita 35 hewa haifiki kwa urahisi, na rojo la chokaa tupu lingebaki laini kwa miezi mingi. Kwa hiyo kwa kujengea ndani ya shubaka ninapendekeza chokaa ya haidroliki ya asili, ile inayotokana na jiwe lenye udongo wa mfinyanzi ndani yake na ambayo huanza kuganda kwa maji hata pasipo hewa. Kwenye mifuko huandikwa NHL 2, NHL 3.5 au NHL 5, na tarakimu hizo zinaonyesha nguvu ya chini kabisa inayotakiwa baada ya siku 28, kwa nyutoni kwa kila milimita ya mraba. Ya kati, yaani NHL 3.5, inakutosha. Ukikosa chokaa hiyo, rojo la chokaa lililotiwa pozolana, kama majivu ya volkano au unga wa matofali ya udongo yaliyochomwa kwa moto mdogo, hutoa tabia inayokaribiana nayo, na Warumi walijenga hivyo karne nyingi kabla ya saruji. Usidhani kwamba chokaa ya haidroliki ni sawa na ile chokaa nyeupe ya unga inayouzwa kwa kulainishia saruji, hata kama muuzaji atakuambia kwamba chokaa zote ni moja.

Mchanga una umuhimu kuliko watu wanavyodhani. Uwe safi, wenye chembe kali za ukubwa mbalimbali, kuanzia laini hadi milimita nne au tano. Mchanga laini wa namna moja hufanya mota iteleze vizuri mwikoni, lakini husinyaa na kupasuka. Ili kuupima, jaza nusu ya chupa ya kioo kwa mchanga, ongeza maji, tikisa, kisha iache usiku kucha. Tabaka la tope likionekana nene juu ya mchanga, uoshe au utafute mwingine. Mchanga wa pwani uliojaa chumvi usiukaribishe kabisa. Kipimo changu ni ndoo moja ya chokaa kwa ndoo mbili na nusu za mchanga kwa kujengea, na moja kwa tatu kwa plasta ya chini. Kipimo hicho hakikutoka hewani: nafasi tupu zilizo kati ya chembe za mchanga mzuri hufikia takriban theluthi moja ya ujazo wake, na chokaa inapaswa kuzijaza bila kuzidi. Maji yawe kidogo kadiri inavyowezekana, maana maji ya ziada leo ndiyo ufa wa kesho.

Shubaka lako lina ujazo wa nusu mita ya ujazo, na likijazwa mawe litakuwa na uzito wa tani moja na ushei. Kwa hiyo angalia sakafu yake. Ikiwa imekaa juu ya ukuta wenyewe, hakuna tatizo. Ikiwa shubaka linashuka hadi chini na limeishia kwenye mbao au kifusi, ondoa hivyo hadi ukute mawe imara, la sivyo ujazo wote utashuka na kujitenga na ukuta.

Kazi yenyewe huanza kwa kubomoa kidogo. Ondoa plasta iliyomo ndani ya shubaka, na uendelee sentimita 15 nje ya kingo zake pande zote, kwa sababu ukiishia kwenye ukingo wa shubaka, plasta mpya na ya zamani zitakutana juu ya mstari ule ule ambao ujazo na ukuta vinakutana, na ufa utakuwa umepewa njia iliyonyooka. Toa rangi, jasi, na vipande vya mbao vya rafu. Chokoa maungio ya mawe ya pembeni kwa kina cha milimita 20 hadi 30, kwa tindo nyembamba na nyundo ndogo, si kwa mashine ya kukatia, kisha piga brashi na uondoe vumbi. Siku moja kabla ya kujenga, nyunyizia maji mara kadhaa. Asubuhi yake nyunyizia tena kidogo. Mawe yawe na unyevu bila kumeremeta maji: jiwe kavu hunyonya maji ya mota na kuiacha kama majivu, na jiwe linalotiririka maji halishikani na chochote.

Jenga kwa mawe yanayofanana na ya ukuta kwa ugumu, hata kama si ya rangi moja, maana yatafunikwa. Mawe uliyoyatoa katika matengenezo mengine ya nyumba hiyo hiyo ndiyo bora. Jiwe lilale kwa ubapa wake, maungio ya wima yasifuatane, na mianya mikubwa ijazwe vijiwe bapa vilivyogongwa ndani ya mota badala ya kujazwa mota peke yake. Hapa pana hesabu ambayo inafaa uifanye mwenyewe. Tuseme una tabaka kumi na mbili za mawe na kila tabaka limekaa juu ya milimita 15 za mota. Hiyo ni milimita 180 za mota kutoka chini hadi juu, na ikisinyaa kwa asilimia moja tu, ujazo wako utashuka karibu milimita mbili, ambazo zinatosha kabisa kuchora mstari mweusi chini ya boriti. Mota ikiwa nyembamba na mawe mengi, mstari huo hupungua.

Kuhusu kuunganisha ujazo na kingo za shubaka, wako mafundi wanaong'oa mawe ya ukuta wa zamani kila baada ya tabaka mbili ili kupata meno ya kushikia. Katika ukuta wa mawe yasiyochongwa sipendi jambo hilo, kwani jiwe moja likitoka huweza kufuatwa na mengine matatu. Ninayang'oa tu mawe madogo yaliyolegea yenyewe, na kwingine ninaweka vishikizo vya chuma kisichoshika kutu, kimoja kila upande kwa takriban kila sentimita 40 za kimo, vikiwa vimeingizwa kwenye maungio ya ukuta wa zamani na kulazwa ndani ya mota mpya. Nondo ya kawaida usiitumie, kwa maana chuma kikishika kutu huvimba na kupasua jiwe.

Usipande zaidi ya sentimita 40 au 50 kwa siku, ili uzito wa juu usiikamue mota ya chini. Uso wa mawe ubaki nyuma ya uso wa ukuta kwa milimita 20 hadi 25, ambayo ndiyo nafasi ya plasta. Tumia timazi na ubao mnyoofu uliolazwa kwenye ukuta wa pande zote mbili, lakini usiabudu pimamaji: kuta za zamani mara nyingi zimeinama au zimevimba, na kiraka kilichonyooka sawasawa katikati ya ukuta uliopinda huonekana kutoka mlangoni.

Ukifika juu, simama. Acha uwazi wa milimita 25 hadi 30 chini ya boriti au tao, funika kazi kwa magunia yenye unyevu, na usubiri wiki mbili. Katika muda huo ujazo utafanya sehemu kubwa ya kushuka kwake. Kisha shindilia ndani ya uwazi huo mota isiyo na maji mengi, ile inayoshikamana ukiifinya kiganjani bila kulowesha vidole, pamoja na vipande vyembamba vya mawe vinavyogongwa kama kabari, ukianzia nyuma na kuja mbele. Ningeambiwa nichague hatua moja tu ambayo kuiruka kunaharibu kazi nyingi za namna hii, ningechagua hiyo. Kwa jicho ujazo uliofika juu siku ya kwanza unaonekana umekamilika, na mwenye nyumba hukasirika akiambiwa angoje, lakini ukweli ni kwamba baada ya mwezi hautakuwa unaigusa tena boriti.

Kutoka hapo, ngoja wiki nne nyingine kabla ya plasta. Plasta ipigwe kwa tabaka tatu. Ya kwanza, isiyozidi milimita 10, irushwe kwa mwiko ili iingie kwenye mianya, kisha ikwaruzwe misalaba kabla haijakauka. Mashimo makubwa yajazwe siku iliyotangulia, yasijazwe kwa plasta nene. Tabaka la pili, milimita 8 hadi 10, ndilo linalobeba wavu wa nyuzi za kioo usiodhurika na chokaa. Wavu huo upite juu ya mstari wa maungano, sentimita 15 kila upande, ukiwa umezama katikati ya plasta na si kubandikwa juu ya mawe. Singa za mbuzi zilizochanganywa vizuri katika tabaka mbili za kwanza hufanya kazi kama ya wavu huo, na mimi huvitumia vyote viwili. Tabaka la mwisho ni milimita tatu za chokaa na mchanga laini. Kati ya tabaka moja na lingine, kanuni ya zamani ya siku moja kwa kila milimita bado ni nzuri, mradi jotoridi lisishuke chini ya nyuzi 5 wala kupanda juu ya 30.

Plasta ya chokaa haiishi unapoweka mwiko chini. Baada ya saa kadhaa, au kesho yake, bonyeza kwa kidole gumba. Ikiwa kidole hakizami lakini ukucha unaacha alama, sugua kwa kibao cha mbao kwa mwendo wa duara, ukiibana. Kusugua huko hufunga nyufa za kusinyaa kabla hazijawa za kudumu. Kisha nyunyizia ukungu wa maji asubuhi na jioni kwa wiki moja, na uzuie upepo na jua la dirishani. Plasta ikikauka upesi hubaki unga, kwa sababu chokaa haikupata nafasi ya kurudi kuwa jiwe. Vaa miwani ya kinga na glavu tangu mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa chokaa mbichi huunguza ngozi na inaweza kupofusha. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi mfululizo na uende kwa daktari bila kusubiri uone itakuwaje.

Rangi iwe chokaa ya kupaka, tabaka nne au tano nyepesi kama maziwa, au rangi ya silikati, yaani rangi ya madini inayopitisha unyevu. Rangi ya plastiki itaharibu kazi yako yote ya miezi mitatu.

Katika mwaka wa kwanza huenda ukaona ufa mwembamba kama unywele mahali fulani kwenye ukingo wa zamani wa shubaka. Uloweshe kidogo na uupitishie chokaa ya kupaka kwa brashi, nao utafungika. Ufa unaopokea ukucha, au unaoendelea kupanuka baada ya kuujaza, hautokani na plasta. Weka alama ya penseli na tarehe kwenye ncha zake mbili, upime upana wake kila mwezi, na ukiona unasonga mbele, mwite mhandisi aangalie boriti na msingi kabla ya kumwita tena mpiga plasta.